Makapi ya mpunga ndani ya plastiki: ugumu ni jambo moja, kustahimili pigo ni jambo lingine



Nyuma ya kila mashine ya kukoboa mpunga, iwe Kasongo au Kabambare, pana lundo la makapi. Mpunga umelimwa kusini ya Maniema tangu wakati wa wafanyabiashara Waswahili wa karne ya 19, Kasongo ilipokuwa mji mkubwa wa Tippu Tip. Katika kila kilo 100 za mpunga, karibu kilo 20 ni makapi. Mengi hutupwa au huchomwa.

Leo viwanda katika nchi nyingi huyasaga makapi ya namna hiyo na kuyachanganya na plastiki iliyoyeyushwa. Hufanya vivyo hivyo kwa unga wa mti na kwa nyuzi za mkonge. Katika mchanganyiko huo hutoka mbao za sakafu ya nje, viti, vyombo, mipini na sehemu za ndani za magari. Vitu hivi huuzwa duniani kote, na kwa macho havitofautiani sana na plastiki nyingine.

Kwa mtu wa mgodi swali ni hili: kitu cha namna hiyo kinaweza kubeba nini, na kisibebeshwe nini? Tukilijua jibu, tutajua pia kwa nini kaske ya kichwani haifanyiwi mzaha.

KUJAZA PLASTIKI SI JAMBO GENI

Kila mtu aliyejenga nyumba ya udongo anajua kwamba udongo mtupu hupasuka ukikauka. Ukiukanyaga pamoja na majani makavu, majani hushika udongo, na ufa haupiti kwa urahisi. Wazee wetu hawakuhitaji shule kwa ajili ya jambo hilo.

Leo Baekeland, mzaliwa wa Gent nchini Ubelgiji mwaka 1863, alihamia Marekani mwaka 1889. Mwaka 1907 alitengeneza huko plastiki iliyoitwa bakelite. Bakelite ikiwa peke yake huvunjika kama kioo. Kwa sababu hiyo ilichanganywa na unga wa mti. Simu nyeusi za ofisi na swichi za taa za zamani, ambazo wazee wetu wanazikumbuka, zilikuwa za mchanganyiko huo.

Mwaka 1930 kampuni ya Mine Safety Appliances ya Marekani ilitoa kaske ya wachimbaji iliyoitwa Skullgard. Ilikuwa ya bakelite iliyotiwa wavu wa waya na nguo ya kitani. Kitani ni nyuzi za mmea. Basi mmea ulikwisha kuwalinda wachimbaji vichwa zaidi ya miaka 90 iliyopita. Tena huko Zwickau, Ujerumani ya Mashariki, tangu 1957 hadi 1991 waliunda gari la Trabant, ambalo mabati yake ya nje hayakuwa bati. Yalikuwa plastiki ya jamii ya bakelite iliyojazwa mabaki ya pamba.

Lakini angalieni tofauti. Bakelite ni plastiki kavu inayovunjika upesi, ndiyo maana nyuzi ziliisaidia kupokea pigo. Plastiki za beseni, ndoo na bidoni ni za namna nyingine. Zenyewe ni laini, hupinda na kunyooka. Ukizijaza makapi, mambo huenda kinyume.

MAJARIBIO MATATU

Fundi anayepima plastiki hafanyi jaribio moja tu. Hufanya matatu, na kila moja lina jibu lake.

Jaribio la kwanza ni kupinda. Kipande hulazwa juu ya nguzo mbili na kukandamizwa katikati. Hapo hupimwa ugumu, yaani kipande kinakataa kupinda kwa kiasi gani.

Jaribio la pili ni kuvuta. Kipande hushikwa ncha mbili na kuvutwa mpaka kikatike. Hapo hupimwa nguvu ya kuvutwa, na pia kipande kinarefuka kiasi gani kabla ya kukatika.

Jaribio la tatu ni kupiga. Nyundo inayoning'inia huachiliwa ikigonge kipande kwa ghafula. Hapo hupimwa kipande kinameza pigo kubwa kiasi gani kabla ya kuvunjika.

Watu wengi hudhani majaribio haya matatu ni kitu kimoja, kwamba kigumu ndicho imara. Sivyo. Chupa ya kioo ni ngumu kuliko beseni la plastiki. Ziangushe zote mbili juu ya saruji, utaona ipi itabaki. Fimbo mbichi hupinda, na fimbo kavu haipindi. Lakini ukiipiga fimbo kavu juu ya goti ndiyo inayokatika. Kitu kinachokataa kupinda hakina njia ya kuliachia pigo, basi pigo hukipasua.

DAWA INAYOSHIKANISHA

Kwa nini makapi hayashikani vizuri na plastiki? Tazama tone la maji juu ya jani la jimbi. Haliingii, hutiririka na kuanguka. Kapi, mti na uzi wa mmea hupenda maji. Plastiki ya ndoo ni ya asili ya mafuta, haipendi maji. Ukivichanganya viwili hivi, chembe ya kapi hukaa ndani ya plastiki kama jiwe ndani ya ugali. Imezungukwa lakini haikushikwa. Nguvu ikija, plastiki huachana na chembe, panatokea tundu dogo, na ufa huanzia hapo. Zaidi ya hayo, ngozi ya kapi ina nta, na ndani yake mna silika nyingi, kile kitu kilichomo katika mchanga.

Hivyo mafundi wa kemia hutumia dawa. Ziko namna tatu zinazojulikana sana.

Ya kwanza ni soda kostiki, ile ile inayopikiwa sabuni kwa mafuta ya mawese. Makapi au nyuzi hulowekwa katika maji ya soda hafifu, kisha husafishwa sana na kukaushwa. Soda huondoa nta na utomvu, na uso wa uzi hukwaruzika. Plastiki hupata mahali pa kung'ang'ania. Kazi hii ilianzia kwenye pamba. Mwingereza John Mercer ndiye aliyeigundua katika karne ya 19.

Ya pili ni dawa ya jamii ya siki kali. Huziba zile sehemu za uzi zinazopenda maji, na uzi hunywa maji kidogo kuliko mwanzo.

Ya tatu ni kiunganishi. Hicho hufanya kazi kama sabuni. Sabuni ina mkono mmoja unaoshika mafuta na mkono mwingine unaoshika maji, ndiyo sababu huondoa mafuta kwenye sahani. Kiunganishi nacho kina upande mmoja unaoshika kapi na upande mwingine unaoungana na plastiki. Kinachotumika zaidi ni plastiki yenyewe iliyopachikwa dawa iitwayo anhidridi ya maleiki. Asilimia 3 tu hivi yatosha.

VIPIMO VINASEMA NINI

Maabara ya Mazao ya Misitu ya serikali ya Marekani, iliyoko Madison katika jimbo la Wisconsin, imepima mchanganyiko huu kwa miaka mingi. Tuchukue plastiki iitwayo polipropilini, inayotumika kwa viti na vifuniko. Katika vipimo vyake, mchanganyiko uliojazwa ulikuwa na asilimia 40 ya unga wa mti. Makapi ya mpunga yaliyosagwa ni ya jamii hiyo hiyo ya kijazo.

Kwanza, ugumu wa kutopinda. Plastiki iliyojazwa ilikuwa ngumu zaidi ya mara mbili na nusu kuliko plastiki tupu. Hiyo ni faida kubwa. Ubao wa plastiki tupu ukiubebesha mzigo hulegea katikati, bali huu husimama.

Pili, nguvu ya kuvutwa. Bila kiunganishi ilishuka kidogo, kutoka karibu 28 hadi 25 kwa kipimo cha megapaskali. Walipotia kiunganishi ilipanda hadi 32, yaani juu kuliko plastiki tupu. Dawa ilifanya kazi yake.

Tatu, pigo la ghafula. Hapa kila mtu asimame na kusoma mara mbili. Kipande kizima cha plastiki tupu kilimeza pigo la karibu 650 kwa kipimo cha juli kwa mita. Kile kilichojazwa unga wa mti kilimeza 73 tu, kama sehemu moja ya tisa. Na baada ya kutia kiunganishi? Kilimeza 78. Dawa iliyorudisha nguvu ya kuvutwa haikurudisha uwezo wa kupokea pigo.

Walipotumia nyuzi badala ya unga, pamoja na kiunganishi, mambo yalikuwa mema zaidi. Nguvu ya kuvutwa ilifika 52, na pigo 162. Uzi mrefu hushika ufa pande zote mbili kama kamba, lakini chembe ya unga haifiki popote. Ndiyo maana nyuzi za mkonge, au zile za punga zilizolimwa Kongo wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya magunia, zina thamani kuliko unga. Hata hivyo 162 bado ni mbali na 650.

Basi hilo ndilo tunalotaka kila mmoja alishike: dawa huongeza mshiko, makapi huongeza ugumu, lakini vyote viwili havitoi ruhusa ya kupigwa.

MAJI NA UNYEVU

Makapi na mti hunywa maji hata yakiwa ndani ya plastiki, maana chembe zilizo karibu na uso na mahali palipokatwa hupata njia. Zikinywa huvimba, zikikauka husinyaa. Kila mara zinasukuma na kuvuta plastiki iliyo jirani, mpaka nyufa ndogo zinazaliwa. Dawa hupunguza jambo hilo, haiondoi.

Wauzaji wa kwanza wa mbao hizi huko Marekani waliwaambia watu kwamba haziozi, kwa sababu kila chembe imefunikwa na plastiki. Mwaka 1998 watafiti walitoa habari ya kuvu walioukuta katika mbao za namna hiyo, kwenye njia ya miguu ya mbuga ya Everglades, Florida, mahali penye joto na maji. Ndugu wa Maniema, joto na maji hata sisi tunavyo. Ubao wa plastiki na makapi unaokaa katika tope ya shimo uangaliwe kama ubao wa mti unavyoangaliwa.

KASKE YAKO

Kaske nyingi za siku hizi ni za plastiki tupu ya namna iliyochaguliwa, hasa polietilini nzito na ABS. Sasa unaelewa sababu. Kazi ya kaske ni kupokea pigo la ghafula, jaribio lile la tatu.

Kanuni ya Ulaya kwa kaske za viwandani, EN 397, inataka hivi: chuma cha kilo 5 kinaangushwa kutoka urefu wa mita 1 juu ya kaske, na nguvu inayofika kichwani isizidi kilonyutoni 5. Hiyo ni kama uzito wa kilo 500 kwa kitambo kidogo sana. Jiwe la kilo 1 likianguka kutoka mita 5 lina pigo lile lile. Mita 5 si mbali. Ni kina cha shimo la kawaida la mchimbaji wa mkono. Jiwe kubwa zaidi, au shimo refu zaidi, hupita kipimo hicho. Kaske hupunguza hatari, haiifuti.

Kaske huokoa kichwa kwa njia mbili. Ganda hupinda kidogo na kumeza sehemu ya pigo. Mikanda ya ndani hunyooka na kumeza sehemu nyingine, maana kati ya ganda na kichwa pana nafasi. Ukiijaza nafasi hiyo kwa nguo, pakiti ya sigara au pesa, umeondoa sehemu kubwa ya kinga.

Jua nalo huikausha plastiki mwaka hata mwaka, na plastiki iliyokauka hufanya kama ile iliyojazwa makapi: huwa ngumu, kisha huvunjika. Rangi iliyopauka, unga mweupe juu ya ganda, na mistari myembamba kama nywele ni dalili. Methali yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa kaske hauzibwi, si kwa gundi, si kwa plastiki ya moto. Kaske yenye ufa hubadilishwa.

USIJITENGENEZEE NYUMBANI

Mtu mwerevu akisoma haya anaweza kusema: makapi ninayo, bidoni mbovu ninazo, soda inauzwa sokoni, kwa nini nisijaribu? Tumwonye juu ya mambo matatu.

Soda kostiki huchoma ngozi na hupofusha macho. Daima tia soda kidogo kidogo ndani ya maji baridi. Usimimine maji juu ya soda, maana huchemka na kuruka usoni. Usitumie sufuria ya aluminiamu, kwa kuwa soda huila na kutoa gesi inayoweza kulipuka. Ikiruka jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukoma, kisha kimbilia zahanati. Usitie limau wala siki. Mtoto akiimeza, usimlazimishe kutapika, kwa sababu itamchoma mara ya pili ikipanda. Msukutue kinywa na mpeleke kwa mganga mara moja. Akina mama wanaopika sabuni, haya yanawahusu kila siku.

Moshi wa plastiki ni jambo la pili. Kiwandani mchanganyiko hupikwa kwa joto linalopimwa. Polietilini nzito huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, polipropilini kwenye 165, na makapi huanza kuungua yakikaribia 200. Nafasi ni nyembamba, na moto wa kuni haujui hesabu hiyo. Mabomba na ngozi za waya za umeme mara nyingi ni PVC, ambayo ikichomwa hutoa gesi ya asidi inayochoma koo na mapafu. Bidoni iliyobeba dawa za sumu nayo hutoa sumu katika moshi.

La tatu ni vumbi. Majivu ya makapi yana silika ya asilimia 85 hadi 95. Katika kapi bichi silika hiyo si ya namna ya fuwele kama ile ya jiwe la kwazi, na ubaya wake ni mdogo. Lakini makapi yakiungua kwa moto mkali sana hugeuka kuwa ya fuwele, na hiyo ndiyo inayoleta silikosi, ugonjwa wa mapafu ambao wachimbaji wanaujua. Mtu anayevuta vumbi la mwamba kazini asiende kuvuta vumbi la kinu nyumbani. Anayesaga makapi au kuzoa majivu yake ayaloweshe kwanza, akae upande upepo unakotoka, na watoto wawe mbali.

KUMBUKA

1. Mchanganyiko wa plastiki na makapi au unga wa mti unafaa kwa vitu vinavyobeba mzigo uliotulia: benchi, rafu, uzio, sanduku, sakafu ya ukumbi.

2. Haufai kwa kitu kinachopigwa au kinachobeba uhai wa mtu: kaske, ngazi, mpini wa nyundo, nguzo ya kushikilia udongo wa shimo. Mti uliochaguliwa vizuri hutoa sauti kabla ya kukatika. Plastiki iliyojazwa yaweza kukatika ghafula bila kuonya.

3. Neno "imetiwa dawa" halitoshi. Uliza: imepimwa kwa pigo, au kwa kupinda tu?

4. Kaske inunuliwe yenye alama ya kipimo ndani ya ganda. Usiitoboe, usiipake rangi, usiikalie, usiiache juani.

5. Kaske iliyokwisha kupokea pigo kubwa imemaliza kazi yake, hata kama huoni ufa. Ishukuru na uibadilishe.

Ndugu msomaji, leo jioni chukua kaske yako, ishike kwenye mwanga, ibonyeze pande mbili kwa viganja na uizungushe polepole. Ukisikia mlio wa kukatika au ukiona mistari ya nywele, kesho asubuhi ipeleke kwa mkuu wa usalama kabla ya kushuka shimoni.